Kichaka cha Bluberi na Mama Mkwe

Kila friji jipya linaloingia Mpanda huja na picha mlangoni. Mafundi wengi huibandua na kuitupa, lakini mimi sijawahi kuwa na haraka na picha. Inaonyesha friji hilohilo likiwa wazi, limejaa vyakula kuliko friji lolote nililowahi kulitengeneza, na chini kabisa, kwenye droo ya matunda, kuna matunda mekundu yenye vidoti na mengine madogo ya bluu iliyokolea. Katika kazi yangu nimefungua droo hizo nyingi sana. Nimekuta nyanya, mchicha, dawa za macho, samaki wa migebuka waliofungwa kwenye gazeti, na mara moja kiatu cha mtoto ambacho mwenye friji naye hakuweza kukieleza. Tunda jekundu lenye vidoti sikuwahi kulikuta.

Ladha ya stroberi nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Iko kwenye yogati, kwenye pipi, kwenye mafuta ya midomo ya binti yangu, na kwenye dawa ya kikohozi ya watoto. Ila tunda lenyewe sikuwahi kulishika. Ilikuwa kama kumjua mtu kwa sauti ya simu tu, na huyo mwingine wa bluu hata sauti yake sikuwa nayo. Siku moja nikiwa nimechuchumaa mbele ya friji la mteja, picha iko sawa na pua yangu, nikajiuliza kwa nini nisilime.

Karakana yangu iko Makanyagio, mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Nyuma kuna ua wenye kisima, bafu la nje na kipande cha ardhi ambacho mke wangu alikuwa amepanda matembele. Nikamwomba anipe. Akaniuliza nataka kupanda nini, nikamwonyesha ile picha. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema atanipa nusu tu, ili picha ikishindikana tuwe na mboga.

Miche nilimwagiza dereva wa lori anayeleta viazi kutoka Mbeya. Alirudi na boksi la miche ya stroberi iliyozungushiwa gazeti bichi, na bluberi mmoja tu, kijiti chenye majani machache kwenye kiroba cheusi. Akaniambia aliyemuuzia alimwonya kwamba huo mti una maringo. Nilimwuliza maringo gani. Akasema yeye ni mtu wa viazi.

Wiki hiyohiyo mama mkwe naye akafika kwetu, wala hakuja kwa hiari. Ni mkulima wa tumbaku wa Litapunga, mjane, na tangu mumewe afariki alikuwa akilima mwenyewe kwa msaada wa vibarua wa hapa na pale. Msimu ule, wakati wa kukausha majani, majirani walimkuta ameanguka mlangoni mwa bani, lile jengo la udongo ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto. Moshi ulikuwa umemzidi na hakuwa akijitambua. Daktari alimsikiliza kifua, akasema huyu mama asiingie tena kwenye moshi. Mke wangu ndiye mtoto aliye karibu, kwa hiyo akamleta kwetu na kuwahamishia watoto sebuleni.

"Mama ni mtu wa kuondoka," mke wangu aliniambia siku ya kwanza, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika sufuria ambayo alikuwa ameshamaliza kuiosha. "Akijiona mzigo hapa, ataaga vizuri tu, hatagombana na mtu. Na akirudi kwenye lile bani, mara nyingine tutaitwa kuzika."

Mke wangu si mtu wa kuogopa ovyo, na nilipomwona anaogopa, nami niliogopa.

Sasa, mimi na mama mkwe hatuongei. Si ugomvi, ni adabu. Kwa wazee wa kwao, na wa kwetu pia, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na hakuna anayekula mbele ya mwenzake. Vijana wengi wa mjini wameacha mambo hayo. Kuna rafiki yangu anakaa kochi moja na mkwe wake wakiangalia tamthilia na kubishana juu ya nani mbaya. Mama mkwe wangu hakuacha, na mimi sikuthubutu kumtangulia. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa mgongo, kwa ncha ya kitenge ikipotea kwenye kona, na kwa mwendo wake, maana huburuta kidogo mguu wa kushoto. Ningeulizwa sura yake ikoje ningebahatisha. Alipokuja kukaa kwetu tulijipanga bila kupangwa na mtu: nikitaka kuingia uani nakohoa kwanza, nasubiri mlango wa jikoni ufungwe, ndipo naingia. Tukiwa na neno, linapita kwa mke wangu.

Nilikuwa nimezoea, sikuona shida. Shida yangu wakati huo ilikuwa udongo.

Kwenye simu nilisoma kwamba stroberi haina makuu. Inataka samadi iliyooza, maji ya kutosha, na nyasi za kufunika chini. Bluberi ndiyo ilinitoa jasho. Walisema inataka udongo mchachu. Udongo mchachu ukoje? Limau ni kali, maziwa ya mgando ni machachu, uji wa juzi ni mchachu, lakini udongo? Nikachukua kidogo hapo uani. Nikachukua kidogo kwenye kichuguu. Nilipokwenda Kibaoni kutengeneza friji la duka, nikaomba njiani tusimame, nikajaza mfuko udongo mweusi wa chini ya miti, uliojaa majani yaliyooza. Nikapanga aina zote tatu kwenye sahani za bati, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuonja.

Mke wangu alinikuta ulimi uko nje.

"Baba watoto," akasema, "una mimba?"

"Natafuta uchachu."

"Na wenye mimba husema hivyohivyo."

Ndani ya nyumba kikasikika kicheko. Kilianza chini, kikapanda, kikaishia kwenye kikohozi, kisha kikaanza upya. Sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka. Kilikuwa kicheko kinene, cha mtu mnene, na yeye ni mwembamba kama ufito. Nilibaki na udongo mdomoni nikijiuliza nini kingine sikijui kuhusu mwanamke huyu ambaye watoto wangu wana masikio yake.

Udongo wote, niseme ukweli, ulikuwa na ladha ya udongo. Nikaamini ule wa porini kwa sababu ya yale majani, nikautia kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, nikapanda bluberi wangu humo na kuuweka karibu na kisima.

Stroberi zilishika haraka. Asubuhi mimi huwa karakana, na uani kunabaki kwa mama mkwe. Jioni nakuja mimi. Kila jioni nilikuta tuta limeshamwagiliwa, magugu yameng'olewa, nyasi zimetandazwa vizuri kuliko nilivyozitandaza mwenyewe. Mtu aliyeambiwa apumzike hakuwa anapumzika. Nilifurahi, na mke wangu alifurahi zaidi, kwa sababu mtu mwenye tuta la kumwagilia asubuhi hafikirii sana kuondoka.

Halafu yakaja maua, meupe, yenye kitovu cha njano. Nilikuwa nikiyaangalia nikitoka kazini hata kabla ya kunawa grisi. Jioni moja nikakohoa, nikasubiri, nikaingia, nikakuta hakuna hata ua moja.

Nikadhani ni kuku. Nikainama. Vikonyo vilikuwa vimekatwa kwa ukucha, vyote kwa urefu uleule, na maua yalikuwa yamelazwa pembeni ya tuta, kirundo kidogo kisafi. Kuku hawapangi.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, nikaenda kumwita mke wangu kwa sauti ambayo huwa naitumia kwa wateja wanaopiga friji teke. Alipokiona kile kirundo alijiziba mdomo.

"Amekata ua," akasema.

Nikamwambia hilo naliona. Akaniambia nisubiri, nielewe kwanza. Tumbaku ikitoa ua, mkulima hulikata mara moja, na machipukizi ya ubavuni huyang'oa, ili nguvu yote iende kwenye jani. Jani ndilo mali. Ua likiachwa, jani linakuwa jembamba na mwaka umekwenda bure. Mama mkwe amekata ua tangu akiwa msichana, shamba kwa shamba, na akiona mmea umechanua vidole vyake havingoji ruhusa. Hakuwa ameharibu bustani yangu. Alikuwa ameitunza kwa namna bora kuliko zote anazozijua.

"Mwambie basi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba amekosea kwenye nyumba ya mkwe wake? Kesho utamwona hapa?"

Tulisimama hapo tukitazama maua yaliyolala. Mwishowe tukakubaliana kwamba mke wangu asimame katikati uani, mimi nikae upande wa pili wa mlango wa karakana, mama mkwe awe jikoni, na nianze na shukrani.

"Mwambie mama," nikasema, kwa sauti ambayo hata mwenye duka jirani aliisikia, "nashukuru sana kwa kazi ya kumwagilia."

"Mama, anashukuru kwa kumwagilia."

"Mwambie hakuna shida," ikajibu sauti ya jikoni.

"Hakuna shida."

"Mwambie mama kwamba mmea huu si kama tumbaku. Ua lake ndilo linageuka tunda."

"Mama, ua ndilo linageuka tunda."

Jikoni kijiko kiligonga sufuria.

"Mwulize hilo tunda linafananaje."

"Linafananaje?"

"Mwambie sijui vizuri. Sijawahi kulila."

"Hajawahi kulila, mama."

Kijiko kikaacha kugonga.

"Mwulize, kwa hiyo nyie mnalima kitu msichokijua?"

Mke wangu hakulirudia hilo. Alinitazama, midomo imebana, mabega yanatikisika.

"Mwambie ndiyo," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya," ikasema sauti ya jikoni, na nilisikia mguu wa kushoto ukiburutwa kusogea dirishani. "Basi tugawane. Nusu yake, nusu yangu. Ya kwake aache ua. Ya kwangu nitakata, jani bado dogo sana. Nataka nione."

Kesho yake jioni nilikuta ufito umelazwa katikati ya tuta.

Sijui kama niliwahi kuwa na miezi mizuri kama ile ya kiangazi. Upande wake majani yalitanuka, yakawa ya kijani kizito, makubwa kama kiganja, na yakatuma mikono huku na huku ya kuzaa miche mingine. Upande wangu majani yalibaki ya kawaida, lakini maua yalijikunja, yakaacha vitu vidogo vya kijani, vikawa vyeupe, kisha kimoja kikaanza kuwa chekundu ubavu mmoja, upande wa jua. Ujumbe ulianza kuja kila jioni pamoja na chakula. Mama anasema sisimizi wameshakijua kile chekundu. Mama anasema asubuhi majani yana maji pembeni, kama yametoka jasho, hiyo ni kawaida? Mama amechuma majani upande wake, ameyakausha kivulini chini ya paa, ameyanusa, anasema nikuambie hayana kitu. Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu na kurudisha majibu, na nisipojua nilisema sijui. Nilianza kufunga karakana mapema.

Tunda la kwanza lilikuwa dogo kama ncha ya kidole. Tulilikata kwa kisu, mke wangu, watoto na mimi, kila mtu kipande cha kuonea. Lilikuwa chachu. Baada ya uchachu kukaja harufu, na hiyo harufu haikuwa ya yogati wala ya pipi. Ilifanana nazo kwa mbali, kama ndugu wa mama mmoja waliolelewa miji tofauti. Niliona nimedanganywa miaka yote, ila sikujua aliyenidanganya ni pipi au ni tunda. Watoto walitema. Mimi nilitaka lingine papo hapo.

La pili likapelekwa kwa mama mkwe kwenye kisosi. Kwa kuwa nilikuwa uani, alilichukua akaenda nalo nyuma ya bafu. Nilisimama upande huu wa ukuta wa bafu, mtu mzima na akili zangu, natamani ukuta uwe na tundu.

"Alikunjaje uso?" nilimwuliza mke wangu.

"Unataka nikusimulie sura ya mama yangu?"

"Kidogo tu."

"Alifumba jicho moja."

"Akasema nini?"

"Amesema ni kali. Halafu amesema mtu akila moja anataka kujua ya pili ikoje."

Nilicheka peke yangu hadi mteja wa karakanani akaniuliza kulikoni. Ningemwelezaje? Nilikuwa nimegundua kwamba mtu anayefanana nami kuliko wote katika familia ile ni yule nisiyeruhusiwa kumtazama.

Ilibaki bluberi. Ndoo ilikuwa palepale kisimani, na kijiti hakikuwa kimekua hata kidogo. Majani yake yalianza kuwa ya njano katikati ya mishipa. Nilimwagilia zaidi, nikapunguza, nikakizungusha kwenye kivuli. Siku moja nikaona juu ya udongo kuna vumbi jeupe, nikaligusa, nikalinusa. Majivu.

Nilijua mara moja. Hapa kwetu mkulima gani hatii majivu? Yanafukuza wadudu, yanarudisha nguvu. Mama mkwe alikuwa ameona mmea unaumwa akawa anautibu, kila asubuhi, kwa majivu ya jikoni. Usiku huohuo nikasoma kwamba majivu yanaua ule uchachu ambao niliutafuta kwa ulimi wangu. Nikasoma na jingine: kwamba mti huu kwao hupitia miezi ya baridi kali, na bila kulala kwenye baridi aina nyingine hazichanui kabisa. Hapo nikafahamu maringo aliyosikia dereva wa viazi. Na baridi, jamani, si ndiyo kazi yangu?

Karakanani kulikuwa na friji refu la kioo, lile la kupangia soda, la mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliyekuwa amesafiri. Nilikuwa nimeshalitengeneza, lilikuwa linasubiri mpira mpya wa mlango tu. Nikatoa rafu zake. Nikakwangua udongo wenye majivu, nikatia mwingine wa porini, nikaingiza ndoo ndani, nikarekebisha baridi. Ule mpira mbovu ulikuwa hauushiki mlango, kwa hiyo nikafunga kwa funguo, nikatia funguo mfukoni. Kichaka kilisimama nyuma ya kioo, taa imekimulika. Nilijiona nina akili sana.

Kuhusu majivu sikusema neno. Ile hofu ya mke wangu ilikuwa ndani yangu. Nikaona ndoo ikihama kimyakimya, hakuna atakayeumia.

Jioni iliyofuata chakula kilikuja bila ujumbe. Nikadhani mama amechoka. Iliyofuata tena, kimya. Stroberi zilikuwa zimemwagiliwa, upande wangu na wake, lakini ufito ulikuwa umeondolewa na kuegemezwa ukutani. Niliutazama ule ufito nisiuelewe. Nikamwuliza mke wangu kama mama anaumwa, akasema anasema ni mzima.

Kisha asubuhi moja nikasikia bodaboda inanguruma getini na mke wangu akaingia karakanani analia. Mama anaondoka. Mkoba umeshafungwa kwenye pikipiki. Amesema wakati wa kuandaa vitalu vya tumbaku umefika na shamba halijilimi.

"Kwa nini?" niliuliza. "Nani kamuudhi?"

"Wewe."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Anasema hajawahi kukaa kwenye nyumba ambayo anafungiwa kitu kwa funguo. Alikwenda kukiangalia kichaka asubuhi, akakuta ndoo haipo. Akaja huku ukiwa umekwenda sokoni, akakiona kwenye kioo, kimefungwa. Hajasema mpaka leo. Anasema ungetaka asikiguse ungesema tu."

Katika nyumba zetu ukimfungia mtu sukari kabatini huna haja ya kumwambia lolote tena. Na mimi nilikuwa nimefungia kichaka, na kukiwashia taa juu yake.

Sikukohoa. Nilifungua friji, nikabeba ndoo, nikapita nayo jikoni hadi uani, na huko nikaona kitenge kikigeuka haraka kuelekea ukutani. Nikaweka ndoo chini katikati, nami nikageuka kuelekea ukuta wa pili. Kwa hiyo tulisimama migongo imetazamana, kichaka katikati, na mke wangu mlangoni.

"Mama," nikasema.

Mke wangu alifungua mdomo ili arudie, akaufunga.

"Mama, sijakufungia. Mlango wa lile friji mpira wake mbovu, haushiki bila funguo. Nilikiweka humo kwa sababu huu mti kwao ni baridi na nilitaka nione ukipata baridi utafanya nini. Na majivu, mama, huu mti hauyataki. Unataka udongo mchachu, na majivu yanauondoa. Nilishindwa kukuambia. Niliogopa utaondoka."

Dereva wa bodaboda alizima injini. Nilitazama ufa mmoja kwenye ukuta, nikiwa na uhakika nimevunja kitu ambacho wazee wangu hawakuwahi kukivunja.

"Baba," ikasema sauti nyuma yangu.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita. Machozi yalinitoka pale pale, na nilishukuru kwamba natazama ukuta.

"Kilikaa kwenye baridi siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na kikapenda?"

"Sijui, mama. Kiangalie."

Nikasikia mguu wa kushoto ukiburutwa, ukikaribia, kisha magoti yakilia alipochuchumaa. Alikohoa kidogo. Nilisikia ukucha wake ukipita juu ya kijiti, taratibu, kutoka chini kwenda juu, ukasimama.

"Hapa kuna kitu," akasema. "Kimevimba. Kidogo kama punje ya ulezi. Ni ua au ni jani?"

"Sijui, mama."

"Na simu yako haisemi?"

"Haisemi. Na labda huku kwetu hakizai kabisa. Siwezi kukudanganya."

Nilisikia akivuta pumzi, ile ya kifua chenye mluzi ambayo nilikuwa nikiisikia ukutani tangu aje. Kisha akasimama, akamwambia binti yake, lakini kwa sauti iliyotufikia sisi wote, hadi getini:

"Kafungue ule mkoba. Nikiondoka leo, nitajuaje kama ni ua au jani?"

Mke wangu alikuwa ameshafika kwenye pikipiki. Mpira wa kufungia mizigo ulimshinda, na dereva ilibidi ashuke amsaidie.